Barua kwa mwanangu: bega lisizoee kutoka

Mwanangu mpendwa,

Uliniambia kwenye simu kwamba bega limeteguka tena kwenye mazoezi ya mpira wa mikono, ukalirudisha mwenyewe, na safari hii hukuumia sana. Ulilitaja kama jambo jema. Kwangu mimi, hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Maumivu yanapungua kwa sababu bega limelegea, si kwa sababu limepona. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kidogo, tena hakina kina. Kinachokizuia kisitoke ni pete ya gegedu inayozunguka ukingo wa kikombe, pamoja na kano na misuli. Bega likitoka kwa mbele, na mengi hutokea huko, mara nyingi pete hiyo hubanduka. Daktari wa Uingereza, Blundell Bankart, alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kisha kila linapotoka tena, kichwa cha mfupa hugonga ukingo wa kikombe: kichwa kinabonyea, ukingo unalika. Pete iliyobanduka huweza kushonwa. Mfupa uliolika haushoneki.

Na umri wako hausaidii. Aliyeteguka bega akiwa na zaidi ya miaka 40 mara nyingi halitoki tena, ila yeye huweza kuchanika misuli. Kijana wa chini ya miaka 20 anayecheza mchezo wa kugongana ana uwezekano mkubwa wa kuteguka tena.

Kwa hiyo nakuomba, usilirudishe tena mwenyewe, wala usimruhusu mwenzako auvute mkono. Karibu na kwapa hupita neva ya msuli wa bega, na huweza kuumia. Ndiyo maana daktari huigusa ngozi ya nje ya bega, kuona kama ina ganzi, na hupiga eksirei asije akavuta mfupa uliovunjika. Likitoka, uache mkono ulivyo, uegemeze mwilini, ufunge kwa kitambaa, weka barafu iliyofungwa nguoni, uende hospitali. Usile wala kunywa njiani, maana huenda ukahitaji dawa ya usingizi. Vidole vikipoa, vikipauka au vikifa ganzi, hiyo ni dharura.

Kuhusu mazoezi, najua unanyanyua vyuma ukidhani unalikinga bega. Kifua kipana hakilishiki bega. Bega hushikwa na misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa, na ile inayoutuliza mfupa bapa wa nyuma ya bega. Hiyo hutaka kazi ndogo ya kila siku: kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, unavuta bendi ya mpira kwenda nje, kisha ndani, polepole, unavuta kuelekea kifuani kama mpiga makasia, unasukuma ukuta kabla ya kusukuma sakafu. Mtaalamu wa tiba ya viungo akuongoze, akuambie lini uongeze uzito. Kwa sasa achana na kunyanyua chuma nyuma ya shingo, na usiupeleke mkono juu pembeni huku kiwiko kikiwa nyuma ya mwili. Hapo ndipo bega huponyoka, na kwa mchezaji wa mpira wa mikono ndipo kila mrusho huanzia. Ndiyo maana kwako wewe sidhani mazoezi peke yake yatatosha.

Nataka umwone daktari wa upasuaji wa mifupa sasa, kabla halijatoka tena. Muulize ukingo wa kikombe umelika kiasi gani. Kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta, huonyesha mfupa vizuri, na MRI, yaani picha ya sumaku, huonyesha pete. Ikiwa mfupa ni mzima, pete huweza kushonwa kupitia matundu madogo kwa kamera. Ikiwa umelika sana, kuna njia ya Mfaransa Michel Latarjet ya mwaka 1954: kipande cha mfupa wa mbele ya bega, pamoja na kano zake, huhamishiwa ukingoni. Kurudi uwanjani huchukua miezi, mara nyingi minne hadi sita. Najua msimu utakupita. Bado una misimu mingi.

Nitumie tarehe ya miadi, nije tukae pamoja mbele ya daktari. Kabla ya hapo usiogelee peke yako kwenye maji marefu. Bega likitoka huko, mkono mmoja hautoshi kukufikisha ufukoni.

Akupendaye,
Mama