Mdogo wangu, kabla hujalipa kodi ya Kihonda

Mdogo wangu,

Habari ya kazi ya kiwandani huku Morogoro nimeipata kwa mama, ambaye alianza vigelegele kabla hajanieleza ni kazi gani. Hongera sana. Fundi umeme kupata mkataba si jambo dogo, hasa wewe uliyezoea vibarua vya kupigiwa simu saa nne usiku. Ningekupigia, ila nakujua: utaniitikia "sawa dada, sawa dada" huku macho yako kwenye mpira. Kwa hiyo nimeandika, tena nimeiacha barua wazi, kwa sababu hesabu unayoipiga sasa hivi, ya kuhama Dar kuja Moro kufuata kodi nafuu, wapo wengi wanaoipiga.

Naijua hesabu yenyewe. Mimi na shemeji yako tuliipiga Desemba 2023, tumekaa kitandani na kalkuleta ya simu. Mbagala tulikuwa tunalipa 250,000 kwa chumba, sebule na jiko la kujibanza ambalo watu wawili hawapishani ndani. Hapa Kihonda, Morogoro, tukapata vyumba viwili, sebule, choo ndani, na uwanja wa mtoto kukimbia, kwa 130,000. Tofauti 120,000 kila mwezi. Shemeji yako aliiandika nyuma ya bahasha, akaipigia mstari mara mbili. Usiku ule tulilala matajiri.

Kwenye bahasha ile cherehani hakikuandikwa.

Unakikumbuka cherehani changu pale kibarazani. Mwezi wa kawaida kilikuwa kinaniachia kama laki mbili, na Januari ya sare za shule kinazidi hapo. Lakini hakikuwa na mkataba wala siku ya mshahara, basi hakuna aliyekihesabu, hata mimi mwenyewe. Tulikichukulia kama kabati: kinapakiwa kwenye Fuso, kinashushwa, kinaendelea na kazi. Na kweli kilifika salama, hata sindano haikukatika. Siku ya pili nikakitoa nje, nikakifuta vumbi, nikakaa. Wiki ya kwanza nilipata suruali moja ya kufupisha, shilingi elfu moja.

Mtu hakuletei kitenge chake kwa sababu ameona kibao. Anakuletea kwa sababu amemuona jirani yake msibani au harusini amevaa kitu kimemkaa, akamuuliza fundi wake nani. Kihonda hakukuwa na jirani aliyevaa mkono wangu. Ilinichukua miezi minane kuwavalisha.

Katikati ya miezi hiyo nikajitia ujanja: kila Jumamosi narudi Mbagala kukusanya vitambaa vya wateja wangu wa zamani. Mwanzoni nilikwenda kwa basi, na siku nzima inaishia barabarani. Juni 2024 treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria nikaona mambo yamenyooka, maana unakaa ndani chini ya saa mbili umefika. Nauli ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi 26,000, Jumamosi nne ni 104,000. Itoe hiyo kwenye ile 120,000 ya bahasha. Na bado sijapanda daladala ya kutoka Stesheni hadi Rangi Tatu, sijanunua chai, na siku mbili kati ya hizo mteja alikuwa hajaamka. (Na usijidanganye na wale wanaosema mtu aishi Moro afanye kazi Dar. Siku 22 za kazi kwa nauli hiyo ni 572,000. Pangeni tu Dar.)

Sasa njoo kwa wifi yangu. Mimi kitambaa niliweza kukibeba kwenye kiroba hadi Morogoro. Wifi anasuka. Vichwa vyake vyote viko Gongo la Mboto, na kichwa cha mtu hakipandi treni kufuata msusi. Umeniambia mwenyewe mwaka jana kwamba ulipokaa miezi miwili bila kibarua, ada ya mtoto ililipwa na yebo yebo. Wewe unahama na kazi imekusubiri mlangoni. Yeye yake anaiacha kibarazani, halafu jioni mnamwambia ashukuru kodi imepungua.

Sisemi msije. Sijuti kuhama, na hilo nalisema bila kuulizwa. Mbagala shemeji yako alikuwa anamwacha mtoto amelala na kumkuta amelala. Hapa saa kumi na moja jioni yuko nyumbani, wanagombana kuhusu nani amekula parachichi la mwisho. Mboga zinashuka Mgeta asubuhi, sokoni Kingalu unanunua fungu na unaongezewa. Ukitoka nje milima ya Uluguru hiyo hapo. Wenyewe wanauita mji kasoro bahari. Kwangu mimi kasoro ni mama, aliyekuwa akikaa na mtoto bure kila nikienda Kariakoo kununua vifungo. Hilo nalo halikuwamo kwenye bahasha.

Kwa hiyo usilipe nyumba sasa. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali atachukua ya mwezi mmoja: kwa nyumba kama yetu ni 910,000 kabla hujaleta hata ndoo. Ukikosea nyumba, umekosea nusu mwaka. Mwezi wako wa kwanza kazini lala kwetu, kochi unalijua. Nyumba nenda kaitazame asubuhi baada ya mvua, chungulia ukutani karibu na sakafu kama kuna mstari wa maji. Siku za maji ya bomba muulize jirani. Dalali atakwambia yanatoka kila siku.

Mizigo usikodi gari la Dar. Malori yanayopeleka ndizi na mboga huko hurudi matupu, na dereva anayerudi tupu hana kiburi. Mtoto naye mwombeeni uhamisho mapema, na barua isiondoke shuleni bila namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Wa kwangu alikaa nyumbani wiki nzima kwa sababu ya namba hiyo, akafurahi peke yake.

Ila kabla ya yote hayo, Ijumaa ya wiki ijayo njooni wote watatu. Wifi abebe chanuo lake, mkasi na rasta za kutosha vichwa viwili. Jirani yangu wa mlango wa pili anamwoza mdogo wake mwezi ujao, nimeshamwambia kuna mtu anakuja. Jumamosi wewe na shemeji yako mtalea watoto, sisi tutakaa kibarazani, asuke hapo mbele ya cherehani watu wapite waone. Kisha Jumapili muulize yeye, siyo mimi, kama mnahama.

Nauli ya kuja naituma. Ya kurudi mtajijua.

Dada yako,
Kihonda, Morogoro