Nguzo za Ziwa Turkana

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu ni mfalme gani aliyesimamisha nguzo za mawe za Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Hakuna mfalme, mwanangu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, nisikujibu kwa maneno mawili.

Mwaka 1978 wanaakiolojia Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo 19 za pale zimeelekezwa kwenye nyota, Kilimia ikiwemo, zikiwa kalenda kama ile ya Waborana, wafugaji wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wakazikadiria mwaka 300 kabla ya Kristo. Wazo zuri sana, nami nalipenda hadi leo. Lakini miaka michache baadaye Robert Soper alipima upya, akakuta mawe yenyewe yana sumaku na yanapotosha dira. Vile vipimo vya kwanza vikaingia walakini.

Kisha wakaja wachimbaji. Huko Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa hilo hilo, Elisabeth Hildebrand, Elizabeth Sawchuk, Katherine Grillo na wenzao walifukua mahali penye nguzo za namna hiyo, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi wamelala watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580, wake kwa waume, wazee na vichanga. Pamejengwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, mvua zikipungua, maji ya ziwa yakirudi nyuma, na ufugaji ndio kwanza unaingia bonde lile.

Karibu kila maiti ilizikwa na mapambo. Shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno zaidi ya 400 ya panya wa nyikani! Hakuna kaburi la mkubwa lililotengwa na ya wengine. Wataalamu wengi waliamini kwamba penye jengo kubwa lazima palikuwa na mtawala wa kuamrisha. Wafugaji hawa walilijenga lao bila mji wala kiti cha enzi, kwa ajili ya wafu wao wote, na huenda pia wapate pa kukutania, maana malisho yaliwatawanya.

Nyota nazo yawezekana walizitazama. Mfugaji gani asiyejua anga?

Ukienda Lodwar likizo, mwombe mjomba akupeleke Kalokol. Utaona vijiwe juu ya nguzo. Waturkana huviweka wakipita. Usivitoe.

Mama yako