Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Maktaba ya Watoto, Lamu

Wanachama wenzangu, wazazi, walimu na maustadhi wetu, asalaam aleikum.

Hesabu za fedha atazisoma Bwana Mhazini baada yangu, na kumbukumbu za vikao ziko kwa Bi Katibu. Mimi nimepewa nafasi ya kueleza kazi yenyewe, na kazi ya mwaka huu ilikuwa moja tu: kuwafundisha watoto wa gredi ya 3 hadi ya 5 kutumia maktaba na kutafuta jambo wenyewe mpaka walipate.

Nianze na kosa, nalo ni langu. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema shida yetu ni uchache wa vitabu. Mkanikubalia, tukaomba, tukapewa. Makasha yakaja kwa basi hadi Mokowe, upande wa bara, na mawili yakarowa maji ya chumvi gatini kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye aliyekwenda kuyapokea. Yaliyosalimika tukayafungua, tukakuta vitabu vingi vya theluji na vya kindi wanaokusanya njugu za baridi. Tukavipanga, vikakaa. Mtoto akiingia alivuta kilicho karibu na mlango, akatazama picha, akakirudisha pasipo pake, akatoka. Rafu zilijaa na hakuna aliyekuwa akitafuta kitu. Hapo ndipo kamati ilipokubaliana kwamba kabla ya kuomba hata kitabu kimoja zaidi, tuwafundishe watoto kutafuta.

Tulianza na nambari za mgongoni mwa vitabu, ule mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876 unaoigawa elimu katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 900. Tuliwaambia watoto kwamba nambari ni mtaa, na herufi za jina la mwandishi ni nyumba. Ufugaji wa punda uko 636, uvuvi 639, ujenzi wa vyombo vya baharini 623. Hilo walilishika upesi. Kilichowashinda ni nukta. Kitabu cha 636.12 hukaa kabla ya 636.9, na mtoto wa gredi ya 3 akiona 12 na 9 anajua wazi ni ipi kubwa, naye ukimbishia anakuona wewe ndiye hujui hesabu. Tukaacha ubishi. Wadogo sasa wanatumia tarakimu tatu tu na utepe wa rangi. Nukta watakutana nayo wakishafundishwa desimali darasani.

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini fungu la 200, la dini, limejaa Ukristo, na Uislamu umebanwa kwenye 297. Jibu ni kwamba Dewey aliyeutunga mpango huo alikuwa mtu wa kwao na wa wakati wake. Hatukubadilisha nambari, maana mtoto akienda maktaba ya Mombasa au Nairobi atazikuta zile zile. Lakini 297 tumeiweka kwenye rafu iliyo sawa na macho ya mtoto, na hilo hatukuhitaji ruhusa ya mtu.

Sasa nije kwenye lililonifunza zaidi mwaka huu. Ustadhi mmoja alikuja Jumamosi kututazama. Tulikuwa tukihangaika kuwaeleza watoto faida ya ukurasa wa yaliyomo na faharasa ya mwisho wa kitabu, nao wanapiga miayo. Akamwita kijana mmoja aliyekuwa mzito kuliko wote, akampa msahafu, akamwambia, "Nitolee Yasin." Kijana akaifungua kabla hatujakaa vizuri. "Sura ya ngapi?" "Ya 36." "Nitolee mwanzo wa juzuu ya 30." Akatoa. Kumbe watoto wetu tangu wana miaka mitano wanatembea ndani ya kitabu chenye sura 114 na juzuu 30, wanajua kwamba jambo lina mahali pake na mahali pana nambari. Sisi tulikuwa tukiwafundisha kama watu ambao hawajapata kushika kitabu. Tangu siku hiyo somo la yaliyomo linaanzia chuoni, yaani madrasa: sura ni kama mlango wa kitabu cha sayansi, aya ni kama ukurasa, basi nitolee panapozungumzwa mikoko. Linakwisha kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Kamusi haikuwa rahisi hivyo, na ndiyo iliyokula Jumamosi zetu nyingi. Mwongozo tuliopewa wa kufundisha watoto kutumia kamusi uliandikwa kwa Kiingereza: tazama herufi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kwa Kiswahili, mtoto akifuata hivyo anapotea mapema. Anatafuta "walipokimbia" kwenye W, na neno limekaa kwenye K. Anatafuta "vyombo" kwenye V, nalo liko Ch. Meno yako kwa jino, kuta ziko kwa ukuta, na ndimi, Mungu amsaidie, ziko kwa ulimi. Mtoto wetu hawezi kufungua kamusi kabla hajajua sarufi, na sarufi yenyewe anaijua mdomoni, ila hajawahi kuambiwa kwamba anaijua.

Mwalimu wetu wa gredi ya 4 ndiye aliyeleta dawa. Alikuja na machungwa. Akaandika neno ubaoni, na kila kiambishi mtoto alichokitoa alimenya kipande cha ganda: toa "wa", toa "li", toa "po", umebakiwa na tunda, "kimbia". Watoto wakaliita zoezi hilo kumenya, na sasa utamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hilo hujalimenya." Machungwa yaliisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo msishangae mkiyaona katika hesabu za Mhazini.

Likabaki la lugha ya nyumbani. Mtoto wa Amu, yaani Lamu yetu, anasema ndia, anasema ito, anasema mtele, na kamusi sanifu inamtaka njia, jicho na mchele. Wa kwanza aliyetafuta "ndia" akaikosa alisema neno hilo ni baya. Nawaomba wazazi mlisikie hili. Kutokuwamo katika kamusi ile si ubaya wa neno. Lahaja hii ya Kiamu iliyotunga tenzi nyingi haiwezi kuwa makosa. Tumetundika ukutani karatasi kubwa yenye safu mbili, la Kiamu upande huu na la sanifu upande ule, na watoto wanaijaza. Safu ya Kiamu hujazwa haraka zaidi kwa sababu wanakwenda kuwauliza bibi zao.

Kuhusu kupima ukweli wa habari, tuliwapeleka gredi ya 5 kwenye Ngome ya Lamu, kwenye maktaba iliyomo mle ndani, na swali moja: ngome hii ilijengwa mwaka gani? Kundi moja likapata 1813, jingine 1821, na zogo lililozuka lilitutia haya mbele ya wenyeji wetu. Mwalimu hakutoa jibu. Aliuliza tu, kila kitabu kinasema nini hasa: kujengwa, kuanza, au kukamilika? Wakarudi kusoma sentensi nzima, wakaona kwamba moja ni mwaka wa kuanza na nyingine ni wa kumaliza. Mtoto mmoja aliongeza kwamba babu yake alisema palikuwa jela. Hilo nalo ni kweli, jela ilikuwapo hadi 1984, na babu akaandikwa katika daftari kama chanzo, kwa jina lake.

Namna ya kuandika vyanzo nayo tuliichukua chuoni. Hadithi ya Mtume haipokelewi bila sanad: nani kasema, kasikia kwa nani. Basi hata habari ya punda iwe na sanad yake: kitabu gani, ukurasa gani, au mzee gani, mtaa gani. Mtoto akijibu "nimeiona Google" anaulizwa, Google kasikia kwa nani?

Hapa naomba niwaguse wazazi, na mimi nikiwemo. Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze nchi nzima mwaka 2019, kazi za mradi zimekuwa nyingi, na mtoto akiletewa kazi jioni ni sisi tunaokimbilia saiba, duka la kompyuta, kuchapa kurasa za intaneti, asubuhi anazipeleka zikiwa bado na joto. Mwalimu anasahihisha kazi ya mwenye saiba. Kanuni yetu mpya ni kwamba mtoto husoma, hufunga kitabu, kisha huandika anachokumbuka kwa maneno yake. Maandishi yatakuwa na makosa. Yaacheni.

Kuhusu jengo: unyevu wa bahari na mchwa ni wale wale. Rafu za ukutani zimesogezwa kwa ndani kidogo ili hewa ipite.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mbele yenu. La kwanza, Jumamosi ziendelee, ila zisimame wakati wa Maulidi, kwani mwaka huu tulifundisha viti vitupu. La pili, tusinunue kompyuta mwaka ujao, fedha hizo ziende kwenye kamusi, ili watoto wawili washiriki moja badala ya wanane. Najua wapo watakaopinga hili la pili, na nafasi ya kusema watapewa.

Mwisho, vitabu viwili vya fungu la 639 havijarudi tangu kabla ya Ramadhani. Gredi ya 5 wanavingoja, wana swali kwa nini kaa hutembea upande upande. Aliye navyo avirudishe hata usiku. Ufunguo uko nyumba ya pili, kwa mama muuza mahamri.