Neema, njoo uwasome na wao

Berlin, Juni

Neema mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Hongera tena kwa kupata nafasi ya kuja kusoma hapa Berlin mwaka mmoja. Habari ilivyonifikia nilimpigia mama Unguja kumwambia kabla hata sijakujibu wewe, na yeye akapiga kigelegele kwenye simu kama vile ni mwanawe. Orodha ya kozi uliyonitumia nimeisoma kwa makini, na ndiyo iliyonikalisha niandike barua badala ya kukurekodia sauti za WhatsApp. Nataka ulisome jambo hili taratibu, na ukiona nimekosea unipinge kwa nafasi.

Umechagua siasa za Afrika, maendeleo vijijini, jinsia na maendeleo Afrika Mashariki, historia ya ukoloni Afrika, Kiswahili ngazi ya kati, na Kijerumani cha kuanzia. Ukiacha hicho Kijerumani, kila kitu hapo ungeweza kukisoma Mlimani, hapo hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tena kwa wahadhiri wanaoyajua mambo hayo kwa kuyaishi. Kwa nini uvuke bahari kuja kusoma nyumbani?

Najua sababu zako. Mkuu wa idara husaini haraka kozi yenye jina linalofanana na la kwetu. Halafu kuna hofu ya alama, maana hakuna anayetaka kurudi nyumbani na sapu, mtihani wa kurudia, ya Ulaya. Na ukifika huku, utakutana na watu wema kabisa ambao wakisikia umetoka Tanzania watakuonyesha moja kwa moja mlango wa masomo ya Afrika, wakiamini wamekusaidia. Mimi nasema uingie mlango huo mara moja tu, kwa kozi moja nitakayokueleza, halafu nguvu zako zote uzipeleke kwingine.

Kiswahili kifute leo leo. Alama ya juu utaipata, lakini utakaa muhula mzima ukisahihisha matamshi ya wenzako, na wewe mwenyewe utatoka na nini?

Neema, sisi tumesomwa sana. Mwaka 1887 ilifunguliwa hapa Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zilizofundishwa. Maofisa waliokuja kututawala walipita humo. Na nani aliyewafundisha? Watu wa kwetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900, akafundisha, na mengi yanayojulikana huku juu ya mila na desturi za Waswahili wa zamani yametoka kwenye kalamu yake. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi na mkewe, alizuiwa kushuka Dar es Salaam, nchi yake mwenyewe, kwa sababu utawala wa kikoloni haukutaka kumwona Mwafrika na mke Mzungu. Akarudi Berlin, akafia huku mwaka 1927. Baada yake kuna Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, naye alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni. Wanazi walimkamata, akafa mwaka 1944 katika kambi ya Sachsenhausen. Pale Brunnenstraße kuna kibao chake cha shaba njiani, kidogo kuliko kiganja, kimepachikwa kati ya mawe ya kutembelea: jina lake, mwaka aliozaliwa, kambi alikofia. Watu wanapita juu yake na mikoba yao ya sokoni. Mimi nilichuchumaa pale nikamsomea Fatiha.

Wote hao walitumiwa kueleza habari zetu. Lakini yuko mmoja aliyenipa moyo, Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha hapa miaka ya 1890, ambaye aliandika pia habari za Berlin kama alivyoiona yeye. Mswahili anamtazama Mjerumani na kuandika anachokiona, zaidi ya miaka mia moja iliyopita! Kazi hiyo haijaendelezwa inavyostahili, na wewe ni mwanasosholojia.

Sasa nikueleze kilichonibadilisha mimi. Muhula huu nilichukua kozi ya historia ya Ujerumani Mashariki, kwa Kiingereza. Niliichagua kwa kuwa nilitaka kuwajua watu ninaoishi nao. Kila ukipanda treni hapa Berlin unavuka mahali ulipokuwa ukuta, kuanzia 1961 hadi 1989, na wazee wenye umri wa wazazi wetu bado wanajuana nani alikulia upande gani. Nilidhani nakwenda kusikia habari za watu wengine kabisa. Wiki moja tukapewa kusoma habari za sera ya nje, na pale katikati ya kurasa nikakutana na Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ililitambua taifa lile la mashariki, na wataalamu wake wakaja, wakajenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani. Muungano nao ukaja mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na msimamo kwamba atakayekuwa na ubalozi wa Ujerumani Mashariki asitarajie urafiki wake, kwa hiyo Mwalimu Nyerere akajikuta na mgogoro asioutafuta. Mwaka 1965 Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia basi na msaada uliobaki wauchukue. Hayo ya Mwalimu tumefundishwa tangu sekondari. Ila sikuwahi kuyaona kutoka upande wao, nikaelewa kwamba sisi tulikuwa kitu kidogo katika ugomvi wa ndugu wawili, na kwamba kila mmoja wao alikuwa anajijengea sura yake kwetu.

Kilichofuata darasani ndicho ninachotaka ukisikie. Mhadhiri alionyesha picha ya zile ghorofa. Nikasema bibi yangu alihamia humo. Basi msichana mmoja, familia yao ya Dresden, akaniuliza bibi alizipendaje. Nikamwambia ukweli: alifurahi sana kupata maji ndani na umeme, lakini jiko la makaa hakujua pa kuliweka, akapikia kwenye roshani mpaka majirani wa juu wakalalamikia moshi, na alichokikosa hadi anakufa ni uwanja wa nyuma wa kukaa na wanawake wenzake jioni. Yule msichana akanyamaza kidogo, kisha akaeleza bibi yake mwenyewe alivyolia kwa furaha alipopewa ghorofa yenye maji ya moto na joto la ukutani, na alivyolalamika miaka yote kwamba anasikia kikohozi cha jirani. Darasa likachangamka. Hakuna aliyeniuliza habari za umaskini, wala mtazamo wa Waafrika. Tulizungumza habari za mabibi wawili na serikali moja iliyodhani inajua watu wanavyotaka kuishi. Saa ile nilijiona ni mtafiti kati ya watafiti.

Ndiyo maana nakuomba uitoe ile ya maendeleo vijijini, uchukue sosholojia ya jiji au ya familia, kozi inayomsoma Mjerumani mwenyewe. Kuna mambo mengi ya kuuliza. Tangu 1995 wana bima ya lazima ya kuwatunza wazee na wagonjwa wasiojiweza. Nani alikuwa anawatunza kabla, nani anawatunza sasa, na watoto wanajisikiaje? Ukipata kozi ya mbinu za utafiti inayowataka wanafunzi wahoji watu, nenda ukamhoji mzee wa Kijerumani jikoni kwake na daftari lako mkononi. Au nenda Neukölln, hapa hapa Berlin. Kuna mtaa pale uliokuwa na jina la Wissmann, yule gavana wa Kijerumani aliyetutawala. Mwaka 2021 ukapewa jina la Lucy Lameck, mama wetu wa Moshi, mbunge na naibu waziri, ambaye naye aliwahi kusoma nje, Ruskin College kule Oxford. Na upande wa Wedding, barabara iliyoitwa kwa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, imegawanywa mwaka 2024, kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Wakazi walibishana miaka mingi, wengine wakapeleka kesi. Hiyo ni mada ya sosholojia iliyo tayari, na wanaohojiwa ni wao.

Historia ya ukoloni ibakize. Ndiyo ile kozi moja niliyokuahidi, lakini uliza kwanza kama inatumia nyaraka zenyewe. Majalada ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni yako katika hifadhi yao ya nyaraka za taifa, Lichterfelde, kusini mwa jiji, chini ya namba R 1001, na mengi yamepigwa picha yanasomeka mtandaoni. Mwandiko ni wa kizamani, hata vijana wa Kijerumani hawausomi bila kufundishwa, na vyuo hutoa mafunzo ya kuusoma. Sasa fikiria: mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Mlimani, wakiongozwa na wanahistoria Gwassa na Iliffe, walikwenda kusini kuwasikiliza wazee walioiona Majimaji kwa macho yao. Maneno ya wazee wale yamehifadhiwa Dar es Salaam, unaweza kuyasoma kabla hujaondoka. Huku utasoma alichoandika ofisa wa Kijerumani juu ya kijiji hicho hicho. Wenzako wengi hapa wana upande mmoja tu. Wewe utakuwa na pande zote mbili, tena Kiswahili ni chako. Nakuonea wivu kwa hilo, maana mimi nilikuja bila kujiandaa hivyo.

Ya taratibu nitayapitia haraka. Mzigo wa muhula ni krediti 30, na kila krediti huhesabiwa kama saa 30 za kazi, kwa hiyo kozi sita ni nyingi kwa mtu mgeni anayesoma kwa makini. Chukua nne pamoja na lugha. Alama zao zimepinduka: 1.0 ndiyo ya juu na 5.0 ni kufeli, hivyo ile 4.0 ambayo kwetu ni daraja la pili la juu, huku ni kunusurika. Mweleze mapema mkuu wa idara ili asije akashangaa. Ratiba ikiwa na herufi c.t. kando ya saa, kipindi kinaanza robo saa baadaye. Wakimaliza hugonga meza kwa vidole badala ya kupiga makofi, usishtuke.

Semina ndizo zitakazokutesa mwanzoni. Hakuna desa, yale maelezo ya kukariri. Kila wiki kuna makala za kusoma, na mkikaa, mhadhiri anauliza mnaonaje, halafu yeye ananyamaza. Sisi tumelelewa kusubiri mkubwa amalize. Huku ukisubiri, dakika tisini zinaisha hujafungua mdomo. Dawa niliyoiona ni kwenda na swali moja limeandikwa, na kulitoa katika dakika kumi za mwanzo kabla wasemaji hawajaikamata semina. Nenda pia kwenye saa za kuonana na mhadhiri. Usione unamsumbua, saa zile amezitenga kwa ajili yako, na ndiko nilikopata maelekezo bora kuliko yote.

Na hili la mwisho lizingatie sana: kozi nyingi za fani na sayansi za jamii hazina mtihani. Unaandika insha ya utafiti, mara nyingi kurasa kama kumi na tano, na unaiandika baada ya vipindi kwisha, wakati chuo kimetulia na maktaba iko wazi. Wanafunzi wa kubadilishana huharakisha kukata tiketi, wakifika nyumbani kuna msiba, kuna harusi, kuna umeme kukatika, na insha inabaki nusu. Usikate tiketi ya kurudi kabla hujajua tarehe za kuwasilisha. Mada yako ikubaliwe na mhadhiri kwa maandishi wiki kadhaa kabla ya muhula kufungwa.

Mkuu wa idara mwone wiki hii, kabla hajaenda likizo, ukiwa na maelezo ya kila kozi mpya yamechapishwa, ukurasa mmoja mmoja. Akisema majina hayafanani na ya kwetu, mwonyeshe saa na mada, na umwambie tasnifu yako ya mwaka wa tatu itatoka humo. Akikataa kabisa nijulishe, nikutumie karatasi zilizotumika kukubali za kwangu. Mabadiliko bado yanawezekana katika wiki za mwanzo ukishafika, kwa hiyo usilale na wasiwasi.

Nisalimie mama yako na wadogo zako, na mwambie kaka yako koti la baridi asinunue Kariakoo, tutalitafuta huku pamoja.

Wako akupendaye,
Zuhura