Mdogo wangu, ulichokiona kwenye kinyago ni chako

Mdogo wangu,

Nimesoma meseji yako, eti sanaa huielewi, kwamba ulivyokuja huku Mikindani ulikiona kile kinyago cha shetani ukaona mama kabeba mtoto mgongoni, muuzaji akakwambia hapana dada hilo ni jini la baharini, ukanyamaza ukajiona mjinga. Imeniuma sana. Mi nakwambia yule mama alikuwepo.

Mashetani yenyewe, yaani vile vinyago vya Kimakonde vya viumbe vya ajabu ajabu, hayakuanza na maana ya kukariri. Anayetajwa kuyaanzisha ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyekuwa akichonga Dar miaka ya 1950, na toka hapo wachongaji wengi wanalifuata gogo. We umekulia huku unaujua mpingo, nje mweupe ndani mweusi, umepinda, una vifundo na mashimo, fundi anaugeuza geuza kabla hajashika tezo, penye tundu anaona mdomo, palipopinda anaona mkono. Sasa kama mwenyewe kaanza kwa kuwaza, we unakatazwa na nani?

Na uliona mama na mtoto mwaka huu ambao na wewe umejifungua. Mwaka jana ungeona kingine, na kisingekuwa uongo.

Chukua George Lilanga (1934–2005), mchoraji na mchongaji, mtu wa huku huku kusini, mashetani yake yana masikio makubwa, midomo mikubwa, rangi kali kali, yamebanana hadi hujui mkono huu wa nani. Wapo wanaocheka tu wakapita. Mi naona foleni ya bombani maji yakikatika siku mbili, kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza, na yule wa pembeni kabisa kanyamaza, huyo ndo namwangalia muda mrefu, namuonea huruma kabisa.

Ila sisemi kila kitu ni cha kujibunia. Vinyago vya kuvaa usoni, vile vinavyocheza watoto wakitoka jando, vina mambo yake, wenye mila wanayajua na mengine hayasemwi hadharani, hapo unauliza wakubwa kwa adabu. Lakini hata hapo, ile hofu inayokupata ngoma ikikolea ni yako, hakuna wa kukupimia.

Sasa we si uko Dar, nenda Mwenge pale kwa wachongaji, simama mbele ya kimoja kabla muuzaji hajakufikia, kizunguke mpaka nyuma maana huko wengi hawaangalii, halafu nipigie uniambie umeona nini. Kinaitwaje sitakuuliza.