Vyumba vitupu na Linden 500

Shoga yangu mpenzi,

Salamu sana. Mimi sijambo, hofu ni kwako tu. Nimefurahi mno kusikia umepata nyumba Bellisseria, ule mtaa wa nyumba katika ulimwengu wetu wa mtandaoni wa Second Life, baada ya kuingoja muda wote ule. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ila nilipofika pale unaposema umebakiwa na dola 500 za Linden, hela ya humo, na unaona haya kukaribisha watu kwenye vyumba vitupu, nikaona nisilale kabla sijakujibu.

Hizo 500 zinatosha, niamini. Dola moja ya Marekani hutoa Linden kama 250, kwa hiyo najua unachokishika ni kidogo. Lakini katika Second Life kinachoanza kuisha ni nafasi, hela hufuata. Kiwanja chako ni mita za mraba 1,024 na kinabeba uzito wa 351, yaani kipimo cha vitu vinavyoweza kuwekwa humo. Nyumba yenyewe haihesabiwi humo, ila kila utakachokiweka ndani, hata kikombe juu ya meza, kinakula sehemu yake. Basi kabla ya kununua soma namba zote mbili, bei na uzito. Ya pili ndiyo iliyoniponza.

Wiki yangu ya kwanza nilipenda seti ya makochi matatu. Kwenye picha ya duka yalikuwa yamekaa karibu na dirisha, jua la jioni limeyapiga, nami nikalipa karibu hela yangu yote bila kusoma maelezo. Kumbe kila kochi lilikuwa na uzito wa 64. Matatu hayo yakameza zaidi ya nusu ya kiwanja. Nikaweka meza, kabati na mapazia, na nilipotaka kuweka kitanda nikaambiwa kiwanja kimejaa. Nilikaa kwenye kochi lile nikitazama chumba cha kulala kisicho na kitanda, na sikufichi, nililia. Mwishowe makochi yale nikampa jirani mwenye kiwanja kikubwa.

Niliweza kumpa kwa sababu ya ruhusa, na hili lishike sana. Muuzaji lazima akuachie angalau moja kati ya haya mawili: kunakili kitu au kumpa mtu mwingine. Sisi wenye mifuko mitupu tuchague kunakili. Kiti kimoja cha Linden 40 chenye ruhusa hiyo ni viti sita kuzunguka meza, na bado kimoja kimebaki kwenye mkoba wako, ile ghala ya vitu vyako vyote. Ukikosea ukakifuta, hujapoteza kitu. Kukiwa na ruhusa ya kubadilisha pia, ndiyo bahati yenyewe: mto wa kochi unaweza kuukandamiza na kuutanua ukawa godoro la kukalia chini. Angalia tu namba unapokuza kitu, kwa sababu vitu vya meshi, vile vilivyochongwa kwenye programu nyingine na kuletwa humo, huongezeka uzito kadiri vinavyoongezeka ukubwa.

Vya bure viko vingi. Anza na maktaba iliyo chini kabisa ya mkoba wako. Watu wengi hawaifungui kabisa, na ina mimea, fenicha na picha za mbao na mawe za kuvalisha kuta. Kwenye soko la mtandaoni la Second Life panga bei kuanzia ya chini. Mwisho wa wiki maduka mengi hushusha vitu fulani hadi Linden 60 au 75, lakini usiingie huko mpaka uwe unajua unachokitafuta, maana mtu huenda kutafuta taa akarudi na farasi. Maboksi ya vitu ulivyonunua yafungulie kwenye viwanja vya wazi vya kujengea, usiyarundike sebuleni.

Sasa nikueleze rafu yangu ya vitabu, kwa kuwa uliniuliza nimeinunua wapi. Sikuinunua. Kwenye zana za kujengea nilitoa boksi moja la kawaida, lile linalokuja na rangi ya mbao za plaiwudi, nikalifanya la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 30, na unene wa sentimita 4 tu. Huo ukawa ubao mmoja. Nikashika Shift, nikauvuta juu, nikapata wa pili, wa tatu, wa nne. Mbao mbili za kusimama pembeni. Vitabu navyo ni maboksi manne, kila moja limevalishwa picha ya migongo ya vitabu niliyoichora mwenyewe na kuipakia kwa Linden 10. Jumla vipande kumi, yaani uzito wa 10. Kisha nikaviunga pamoja na kubadilisha umbo lake la kifizikia, yaani umbo linalomzuia mtu kupita, nikachagua lile chaguo linalokifunika kitu kama kimevishwa mfuko, na uzito ukashuka hadi 5! Nilifurahi siku nzima. Usilifanye hilo kwa ukuta wenye mlango, maana mlango utauona wazi lakini hutapita. Wala kwa pete na maumbo yaliyopinda, hayo huzidi kuwa mazito.

Safu ya juu nilipanga vitabu vichache nikaacha pengo upande wa kulia. Ndani ya pengo kuna boksi dogo lisiloonekana, nimeliwashia mwanga wa rangi ya asali, mpole, unaofika mita 3. Wageni wote husimama pale. Mwanga ule ni uzito wa 1 na haukunigharimu hata senti, na kwangu ndio unaoifanya sebule ionekane inakaliwa na mtu.

Halafu, tafadhali, katikati ya chumba paache wazi. Kamera hukaa nyuma na juu ya avata wako, yaani umbo lako la humo ndani, kwa hiyo chumba kilichojaa kinakubana kuliko unavyodhani, unageuka kidogo tu unaangalia mgongo wa kabati. Mimi napanga kila kitu nikiwa nimekaa. Naketi kwenye kiti, natazama, nasogeza, naketi tena. Chumba kimoja kwa wakati, na ningeanza na kile utakachokuwa unaingilia kila siku.

Jumamosi nitakuja. Usinunue zulia. Ninalo moja jekundu lenye pindo nyeupe, uzito wake ni 1, na linaruhusu kupewa mtu. Nilikuwa nalitandika mbele ya yale makochi. Wewe nitengee tu nafasi karibu na dirisha, na ile rafu tutaijenga pamoja, wewe ukishika kipanya cha kompyuta na mimi nikikuelekeza.

Wako akupendaye,
Shoga yako