Je, bomba la plastiki linafaa kusambaza haidrojeni?

Wateja tunaowatandazia mabomba ya gesi asilia hapa Dar es Salaam wameanza kutuuliza kama mabomba hayo hayo yanaweza kupitisha haidrojeni. Jibu letu ni ndiyo, mradi bomba liwe la poliethilini (aina ya plastiki) iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi, na viungio viwe vimefungwa ipasavyo.

Tukianza na ukuta wa bomba, haidrojeni hujipenyeza ndani ya baadhi ya vyuma vigumu na kuvifanya vipasuke kwa urahisi, tatizo ambalo haliikumbi poliethilini. Ni kweli kwamba gesi hii, kwa udogo wa molekuli zake, hupenya plastiki kwa wepesi kuliko methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, lakini kinachopotea ni kidogo mno kikilinganishwa na gesi inayopita. Ndiyo maana mradi wa H100 Fife huko Scotland, unaokusudia kuhudumia hadi nyumba 300 kwa haidrojeni tupu, umetandaza mabomba ya poliethilini.

Kinachotutia wasiwasi ni kiungio. Kabla ya kuunganisha kwa kiungio cha umeme, yaani kile kinachoyeyusha plastiki kwa joto la umeme ili ishikane, fundi hukata bomba likiwa limenyooka, hukwangua ngozi yake ya juu pande zote kwa kina cha angalau milimita 0.2, hufuta kwa spiriti, kisha haligusi tena kwa mkono. Baada ya kuchomea, huliacha limebanwa bila kutikiswa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kiungio chenyewe. Tuliwahi kukata kiungio kilichofungwa na fundi mwingine, kizuri kabisa kwa nje, tukakuta ndani mstari mwembamba wa mchanga mahali ambapo plastiki ilipaswa kuwa kitu kimoja. Kwa gesi nyepesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huwaka ikiwa kuanzia asilimia 4 hadi 75 ya hewa, hatuwezi kukubali kazi ya namna hiyo.

Bomba jeusi lenye mstari wa buluu ni la maji, na bomba la PVC (plastiki ya aina nyingine) linalounganishwa kwa gundi halifai. Tafadhali msituombe tuyatumie mabomba hayo ili kupunguza gharama.

Aidha, kwa ujazo uleule haidrojeni hubeba takriban theluthi moja tu ya nishati ya gesi asilia. Kwa kuwa ni nyepesi hupita kwa kasi zaidi, hivyo mara nyingi kipenyo cha bomba hutosha, ila mita na vichomeo vya jiko vitabadilishwa. Mnapoomba makadirio, tuleteeni mchoro wa mabomba na kiwango cha mgandamizo.